Kosma Avgustovich na Uchaguzi wa Meya

Watu wa Starorechensk walimwambia Kosma Avgustovich mambo ambayo hawakuthubutu kuambiana wao kwa wao. Alikuwa daktari wa meno katika kliniki ya serikali iliyo nyuma ya soko, na Mwafrika pekee mjini. Jina lake la pasipoti ni Cosme Ahouansou, wa Cotonou, Benin. Ila baba yake aliitwa Auguste, na kwetu mtu mzima haitwi bila kutajwa baba yake, hivyo siku yake ya kwanza kazini wauguzi walimbatiza Kosma Avgustovich na mambo yakaishia hapo.

"Wewe si wa hapa," mgonjwa angesema akijinyoosha kwenye kiti, "kwa hiyo wewe nitakwambia." Kisha angemmwagia yote: askari wa barabarani alimweleza mgao wa rushwa wa mkuu wake, kasisi ugomvi wake na askofu, mke wa diwani nyumba ya Hispania ambayo diwani mwenyewe hakuijua. Kosma alisikiliza huku akivuta dawa ya ganzi kwenye bomba la sindano. Yakiisha aliwaambia wapanue kinywa, na hapo ndipo zamu yake ya kuongea ilipofika, maana hakuna mtu wa kukubishia ukiwa na vyuma vyako mdomoni mwake.

Alikuja kusoma enzi za Usovieti akiwa kijana mwembamba mwenye koti la kuazima, na mpango wake ulikuwa kuchukua shahada na kurudi. Nchi iliyomwalika ikavunjika yeye akiwa ndani yake. Katikati ya vurugu hizo alimpata Rimma, binti wa fundi reli, mwalimu wa hesabu, wakaoana na maisha yakaenda. Uraia hakuwahi kuuomba. Kila mwaka mwezi wa Novemba alikwenda ofisi ya uhamiaji kuthibitisha kwamba bado yupo, na kila mwaka alirudi akisema huenda hii ikawa mara ya mwisho. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai alikunywa akiwa amesimama dirishani, akibadilisha mguu.

Jioni alimpelekea Rimma maoni yake.

"Nyinyi Warusi," angeanza.

"Sisi Warusi tumefanya nini tena leo?" Rimma angeuliza bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi.

"Jikoni mnanguruma kama simba. Mtamtukana meya, mtamtukana waziri, mtamtukana mpaka aliyegundua kodi. Mkishuka ngazi mkafika mlangoni, kimya. Mnatazama viatu vyenu."

"Viatu vina theluji. Asiyetazama anaanguka."

"Unaona? Hata wewe."

Rimma alicheka. Alikuwa ameshazoea kuwa na mume anayemsoma yeye na watu wake kama mtu anavyosoma gazeti, na mara nyingi alikiri moyoni kwamba anasoma vizuri.

Mwaka ule wa uchaguzi wa meya, mabomba ya maji moto yanayopasha nyumba za mji mzima yalifunguliwa wiki nzima kabla ya kawaida. Miaka mingine watu hulala na makoti hadi katikati ya Oktoba wakiilaani halmashauri. Safari hii mabomba yaliwaka moto watu wakafungua madirisha. Glafira Pankratovna, mjane wa ghorofa ya kwanza aliyejua nani ameingia na nani ametoka, alimkamata Kosma mlangoni.

"Umehisi joto hilo, mwanangu? Kungekuwa na uchaguzi kila mwezi tungeishi kama kwenu. Tungetembea uchi!"

"Kwetu watu wanavaa nguo, Glafira Pankratovna."

"Mnavaa kwa heshima tu. Sisi tunavaa tusife." Akamsogelea sikioni. "Mimi huyu meya simchagui ng'o. Amefunga bafu la umma. Ila usiseme nimesema."

Wote walisema hivyohivyo, kwenye ngazi na kwenye kiti cha meno. Kosma alifika nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeshuhudia nadharia yake ikitembea kwa miguu. Alimkuta Rimma amekaa jikoni na koti lake, mkoba bado begani.

"Inessa Valeryevna ametuita," alisema. Huyo alikuwa mwalimu mkuu wake.

Shule yao, kama shule zote, ilikuwa kituo cha kupigia kura, na walimu, kama kawaida, ndio wasimamizi. Rimma alikuwa naibu mwenyekiti wa kituo kwa miaka mingi. Zamani kazi hiyo ilikuwa kuchosha macho na kula mikate baridi. Sasa mwalimu mkuu alikuwa amefunga mlango wa ofisi yake na kuwaeleza, kwa sauti ya mtu anayepanga mahafali, kwamba meya anatakiwa apate asilimia sabini.

"Anatakiwa na nani?" Kosma aliuliza.

"Hivyohivyo ndivyo nilivyouliza. Akasema, 'Rimma, mpenzi wangu, usiwe mtoto.'"

"Na wenzako?"

"Walitazama viatu vyao."

Kosma alitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Alizunguka meza, akafungua jokofu, akalifunga. Usiku ule alishindwa hata kusoma gazeti.

Siku chache baadaye aliingia kliniki bwana Ptitsyn wa halmashauri, mtu mnene mwenye kunukia marashi, shavu limemvimba kama aliyeficha kiazi. Gego lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Alijilaza, akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Mkeo ni mtu mwenye akili sana, Kosma Avgustovich. Watoto wangu wote wamepita kwake."

"Asante."

"Watu wenye akili wakati mwingine huchoka, wakafanya mambo ya uchovu. Mwambie asichoke." Alipapasa shavu lake. "Na kibali chako cha ukaazi, ni mwezi ujao, sivyo? Mambo haya ya karatasi, Mungu atunusuru. Haya, nipo mikononi mwako."

Akapanua kinywa.

Kosma alisimama na sindano. Aliinua bomba kwenye mwanga, akalikagua mara ya pili ingawa lilikuwa tayari. Kisha akamchoma, akangoja ganzi ishike, akang'oa gego lile taratibu kama anavyomng'olea mtu yeyote. Ptitsyn akamshukuru kwa ulimi mzito, akaondoka.

Kosma alikwenda nyumbani kwa miguu, akapita kituo cha basi bila kukiona.

"Saini," alimwambia Rimma kabla hajavua koti. "Wakileta namba zao, wewe saini."

Rimma alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini. "Nani amekwambia nini?"

Akamweleza. Rimma alisikiliza hadi mwisho.

"Wanaweza kunirudisha Cotonou kwa mhuri mmoja tu," alisema Kosma. "Umri huu nikaanze nini? Na wewe utabaki hapa na nani? Ni meya, Rimma! Meya tu! Ashinde asishinde, bafu halitafunguliwa."

"Miaka yote hii unatucheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu halikuwa langu."

"Sasa ni lako, unataka nitazame viatu."

Kosma aligeuka. Alikwenda sebuleni, akarudi, akaenda tena. Sakafu ya mbao ililia chini yake hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Walikula viazi, na Rimma akaosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida.

Jumapili ya kura Rimma aliondoka alfajiri na chupa ya chai na mikate yenye soseji. Kosma, ambaye sheria haikumpa kazi yoyote siku hiyo, alijaribu kulala, akashindwa. Adhuhuri akajipeleka shuleni kwa kisingizio cha kununua maandazi ya kabichi, maana siku za uchaguzi huuzwa kwa bei nafuu pale mlangoni na muziki hupigwa kama harusini. Alimwona Glafira Pankratovna amevaa kitambaa chake kizuri, akitoka chumba cha kura.

"Umemchagua nani, bibi?"

"Nani mwingine? Huyuhuyu." Akamgeuzia uso mkali. "Ametuwashia joto, hukuona? Na huyo mwingine nani anamjua? Atakuja na njaa mpya."

Mabasi mawili yalileta wafanyakazi wa usafi wa mji, wakapiga kura, wakapanda tena mabasi. Kosma aliyaangalia yakielekea, si makwao, bali upande wa kituo kingine cha kura. Kupitia mlango wazi alimwona Rimma nyuma ya meza, mgongo umenyooka, akimsaidia mzee mmoja kuona jina lake. Rimma naye akamwona. Akatabasamu kidogo tu, kama mtu anayemwonea huruma. Maandazi yalikuwa ya moto mfukoni mwake lakini alisahau kuyala.

Rimma alirudi kesho yake kumepambazuka. Alivua viatu mlangoni, akakaa juu ya kiti kidogo cha kuvalia viatu, hakuinuka.

"Nimekataa," alisema.

Kosma alikaa sakafuni mbele yake. Ndipo Rimma akamsimulia. Walihesabu vizuri, kura moja moja, na meya hakufika hata nusu. Mwalimu mkuu akachukua fomu ya matokeo akaondoka nayo kwa gari. Aliporudi alikuwa na fomu nyingine, safi, na ndani yake meya amepata sabini na kitu. Akaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Wakasaini?"

"Wote. Mwenzangu Lyuda alisaini huku analia, chozi likaanguka juu ya karatasi ikabidi waandike upya."

"Walikutisha?"

"Wangenitisha ingekuwa rahisi. Walinibembeleza. Inessa alinishika mikono. 'Rimmochka, nina mkopo wa nyumba. Rimmochka, tumefanya kazi pamoja tangu tukiwa wasichana.' Nikawaambia mimi nafundisha watoto kwamba mbili na mbili ni nne. Sina kitu kingine cha kufundisha."

Kosma alimvua soksi, akamsugua miguu iliyokuwa baridi. Alijivunia mke wake, na papo hapo alikuwa na hasira naye, akazidi kusugua.

Meya aliapishwa. Kosma alianza kusikiliza ngazi. Nyumba yao ya ghorofa tano haina lifti, na kila hatua inasikika: hizi nzito za dereva wa ghorofa ya tatu, hizi za Glafira na fimbo yake. Zikija asizozitambua aliacha kutafuna. Usiku aliota ofisi ya uhamiaji. Kazini alianza kuwaambia wagonjwa wapanue kinywa kabla hawajasema lolote.

Kisha gazeti moja la mjini, ambalo watu huwa wanafungia samaki, liliandika habari ya mwalimu aliyevuruga kazi ya kituo, "mke wa raia wa kigeni". Halikutaja jina. Halikuhitaji. Shule ikaitisha kikao cha wazazi.

Kosma alikwenda, akakaa dawati la mwisho, magoti yamemgota kifuani. Mbele alikaa Inessa Valeryevna, uso mweupe kama unga. Rimma alikaa pembeni yake kama mwanafunzi aliyeitwa.

"Mimi sina ugomvi na hesabu," alianza mama mmoja muuza nyama. "Lakini kwa nini mtoto wangu afundishwe na mtu anayetafuta fujo?"

"Fujo gani, mama?" alisema Gennady, dereva wa karakana ya mabasi. "Amekataa kuandika uongo."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi nyamaza. Na tujiulize, haya anayatoa wapi? Watu wa hapa hawafanyi hivi. Nyumbani kwake kuna mgeni."

"Mgeni mwenyewe yuko hapo nyuma," mtu akasema. "Muulizeni."

Vichwa vyote viligeuka. Kosma aliinuka, dawati likainuka naye, ikabidi alisukume chini kwa mikono miwili. Watu wakacheka, na hotuba aliyoiandaa tangu asubuhi ikampotea yote.

"Mimi nilimwambia asaini," alisema.

Kicheko kikakatika. Rimma aliinua macho.

"Nilimwomba. Nilimpigia kelele, majirani ni mashahidi. Niliogopa kibali changu. Hakunisikiliza. Kwa hiyo kama mnamtafuta mgeni aliyemfundisha ukaidi, si mimi. Huyu kazaliwa hospitali ya reli hapo ng'ambo. Kasoma shule hiihii. Ukaidi huu ni wenu."

Akakaa. Vichwa vikageuka tena mbele, na Kosma akadhani, kama mjinga, kwamba maneno yake yamefanya kazi. Kisha Inessa Valeryevna akakohoa na kuomba wanaoona ni heri Rimma Lvovna apumzike kufundisha wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda, mmoja baada ya mwingine, hata ya wale waliokuwa wakilia kidogo. Gennady alitazama nyuma, akamwona mkuu wake wa karakana, akanyoosha wake.

Rimma alisimama akaihesabu kwa kidole, bila haraka.

"Ishirini na wawili kwa watano," alisema. "Hii ni sahihi. Andikeni hivyohivyo."

Akachukua mkoba wake akatoka. Kosma alimkuta nje akijaribu kufunga vifungo vya koti, vidole havimtii. Akamfungia.

"Umesema mbele ya watu wote kwamba ulikuwa mwoga," alisema Rimma.

"Nimesema."

"Hakuna mtu mwingine aliyesema." Na wakaenda nyumbani wameshikana mikono kwa sababu barabara ilikuwa imeganda.

Novemba ilifika. Kosma alikwenda ofisi ya uhamiaji amevaa suti, na ndani ya begi ameweka mswaki na shati safi, maana hujui. Mwanamke wa dirishani alizifungua karatasi zake, akagonga mhuri bila kusoma.

"Afadhali umekuja, Daktari. Lile daraja la meno ya bandia ulilonitengenezea linacheza. Nije Jumanne?"

"Hakuna... hakuna tatizo lingine?"

"Tatizo gani?"

"Hakuna aliyepiga simu?"

"Nani apige simu?" Alimtazama kwa mshangao. "Umekonda, Kosma Avgustovich. Kula."

Alitoka akasimama barabarani, theluji ikimwangukia mabegani. Ptitsyn hakuwa amempigia mtu simu. Huenda alisema tu, kama wanavyosema, akasahau kabla ganzi haijaisha. Kosma alikuwa ameogopa bure, mwezi mzima, na kwa hofu hiyo alikuwa amemwambia mkewe lile neno, "saini". Angefukuzwa nchini, angalau hofu yake ingekuwa na maana. Alipomweleza Rimma, Rimma alicheka hadi akashika meza, halafu akaacha ghafla, wakatazamana.

Baada ya mwaka mpya kengele ililia, na hatua zilikuwa za kigeni. Kosma alifungua mlango. Alikuwa Gennady, kofia mkononi, na binti yake nyuma akiwa amekumbatia vitabu.

"Rimma Lvovna yupo?"

Rimma alitokea jikoni akipangusa mikono.

"Mwalimu mpya hajui kitu," alisema Gennady akitazama mkeka. "Anawasomea kitabu. Na mtihani ni mwezi wa sita."

"Ulinyoosha mkono, Gennady."

"Nilinyoosha. Mkuu wangu alikuwa nyuma yangu kabisa." Shingo ilimwiva. "Nifukuze, ni haki yako. Lakini binti hana kosa."

Rimma alipangusa mikono mpaka ikakauka. Kisha akamgeukia msichana. "Vua viatu. Malapa yako pale chini."

Baada ya huyo wakaja wengine. Alikuja mtoto wa muuza nyama, na mama yake akaleta mfuko wa mbavu. Kufikia Machi alikuja mjukuu wa Inessa Valeryevna, analetwa hadi kona ya jengo na gari ambalo halikusogea zaidi ya hapo. Jikoni kwao kulikuwa na vichwa vinne vitano vimeinama juu ya sehemu na vipeuo vya pili, na Kosma, akirudi kazini, alikosa pa kuweka birika.

"Unawezaje?" alimuuliza wakiwa peke yao. "Jana wamekufukuza, leo unawapa na biskuti."

"Watoto hawakunyoosha mikono."

"Wazazi wao je? Hawaoni haya?"

"Wanaona. Ndiyo maana mbavu ni nyingi." Alikunja kitambaa cha meza. "Kosma, ulitaka nifanye nini? Nikae nimenuna mpaka nife? Hawa ndio watu nilionao."

Kosma hakuweza hivyo. Alimpigia simu kaka yake Cotonou, akasema anafikiria kurudi. Kaka yake alicheka kwa sauti. "Urudi lini? Subiri kwanza, hapa nako tuna uchaguzi, mtaa mzima hatulali." Kosma alimwambia Rimma waende hata hivyo. Rimma alimuuliza kama huko atafundisha hesabu kwa Kifaransa cha "bonjour" na "merci", na Kosma akasema atajifunza, na Rimma akasema sawa, na wote wawili walijua kwamba "sawa" ile haikuwa ya kwenda popote.

Meya alimaliza muhula wake wote. Bafu halikufunguliwa. Rimma hakurudishwa shuleni, na baada ya muda hakutaka tena kurudi. Kosma bado yuko kliniki nyuma ya soko, bado anakwenda kwenye dirisha la uhamiaji kila Novemba. Kitu kimoja tu kilibadilika: maoni yake ya jioni yaliisha. Alijaribu mara moja mbili kuanza "nyinyi Warusi", akakwama hapo, akaenda kutazama dirishani.

Sasa Jumapili huwa anashuka hadi stesheni. Hanunui tiketi. Anasimama kwenye jukwaa kati ya mabibi wanaouza samaki wakavu na mbegu za alizeti, anatazama treni za mbali zikisimama dakika mbili na kuondoka, watu wakivuta sigara kwa haraka wamevaa malapa ya safarini. Kisha ananunua mkate mweusi na kurudi.

"Ilikuwa inakwenda wapi leo?" Rimma anamuuliza akiwa amezungukwa na madaftari.

"Chelyabinsk."

"Mbali," anasema Rimma, na anamsogezea kiti, ingawa anajua hatakaa.